Mnazi, mbege na bia ya nyumbani: vinavyoonjwa kwa haki

Msomaji wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Tangu mwaka jana ninapika bia nyumbani kwa kimea cha shayiri na hopsi ninavyoagiza kutoka nje. Huiacha ichache siku nne, kisha naitia kwenye chupa. Mwezi uliopita niliwaalika wenzangu sita tukaonja vinywaji vinne: mnazi nilionunua Tongoni Jumamosi jioni, mbege, laga ya kiwanda kidogo cha Dar es Salaam, na bia yangu mwenyewe. Vyote nilivitoa kwenye friji Jumapili jioni. Laga ilishinda, yangu ikawa ya pili ingawa wawili walisema inanuka siagi, mbege ikawa ya tatu, na mnazi ukashika mkia. Je, matokeo haya ni ya haki, na safari ijayo nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Matokeo yako hayakumtendea haki mgema wa Tongoni, na hata bia yako mwenyewe hukuitendea haki, kwa sababu katika vinywaji vinne ulivyoviweka mezani ni kimoja tu, yaani ile laga, kilichokuwa katika hali na saa yake ya kunywewa. Vingine vitatu viliitwa kushindana kwa masharti ya mwenzao. Nimefurahi sana kupata swali lako, kwa kuwa ni wachache wanaothubutu kuweka tembo la kwetu na bia ya kisasa kwenye meza moja na kuviuliza maswali yaleyale, na jambo hilo linastahili kufanywa vizuri.

Nianze na mnazi, kwani ndio ulioonewa zaidi. Bia yoyote iliyopikwa sawasawa huwa imemaliza kuchacha kabla ya kufika mezani, hamira imekula sukari yake na kutulia, kwa hiyo ikikaa wiki mbili mahali pa baridi na giza haitabadilika sana. Tembo haliko hivyo. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akachonga ncha ya karara kwa kotama, kipande chembamba tu, na kinachodondoka hapo ni maji matamu yenye sukari ya takriban sehemu 15 katika 100, yasiyo na kileo wala uchachu wowote. Lakini kibuyu kinachoyapokea kina masira ya jana, yaani mashapo ya tembo lililotangulia, na ndani ya masira hayo mna hamira na bakteria wa namna nyingi, hivyo tone la kwanza linaanza kuchacha kabla mgema hajagusa ardhi. Ule utomvu ambao kipimo chake cha asidi (pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyopanda) kilikuwa karibu na 7 hushuka hadi karibu na 4 katika muda wa siku moja hivi, kileo kikipanda na kufika kiasi cha asilimia 4 hadi 6, na kuanzia siku ya pili bakteria wa siki hushika usukani. Watu wa pwani wamelijua hilo siku zote, ndiyo maana tembo lililopita saa yake halimwagwi bali huachwa liive kabisa, likawa siki ya jikoni.

Niliwahi kukaa na mgema mmoja mtu mzima, hukohuko Tongoni, tukapanga vikombe vitatu juu ya ubao chini ya mnazi: tembo lililoteremshwa asubuhi ile, la jana jioni, na la jana asubuhi. La kwanza lilikuwa jeupe mfano wa tui la pili, vipovu vidogo vikipanda kandokando ya kikombe, na harufu yake ilikuwa ya dafu na unga wa mandazi uliokandwa ukaumuka. La pili utamu wake ulikuwa umepungua nusu, gesi yake ikiuchoma ulimi, na kwa mbali likinukia nanasi lililoiva sana. La tatu halikuhitaji kuonjwa, kwani lilichoma pua kabla ya kufika mdomoni. Mzee yule hakuonja hata kimoja. Alinusa midomo ya vibuyu akanitajia saa ya kila kimoja, na hakukosea. Hiyo ndiyo elimu ya kuonja, nayo ipo hapa kwetu bila cheti.

Sasa tazama mnazi wako. Ulinunuliwa Jumamosi jioni, pengine ukiwa umekwisha kukaa kibuyuni tangu asubuhi, ukasafiri kwenye joto hadi Pongwe, ukachukua saa kadhaa kupoa ndani ya friji, na ukanywewa Jumapili jioni. Friji hupunguza mwendo wa kuchacha lakini haliusimamishi. Wenzako walipewa siki changa wakaihukumu kama pombe, na kwa kweli walihukumu sawa kile kilichokuwa kikombeni, ila hicho hakikuwa mnazi ambao mtu wa Tongoni angekupa ukiwa mgeni wake.

Kuna jambo jingine la mnazi ambalo mwonjaji hana budi kulijua. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa watu hata tukasahau kwamba mwanzo wake ni jambo linaloonjeka. Tembo lililotiwa maji huwa chapwa: linaanza vizuri kwenye ncha ya ulimi, kisha katikati ya kinywa pana pengo, na povu lake hufa haraka. Likiongezwa sukari ili kuficha maji, utamu husimama peke yake bila uzito wa kuubeba. Onja mnazi safi mara tatu au nne ukiwa na mgema unayemwamini, na baada ya hapo hutadanganyika tena.

Kuhusu mbege sina maneno mengi, kwa kuwa ulichokosea ni ubaridi tu. Mbege ni ndizi zilizopikwa kwa saa nyingi na kuachwa zichache, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na Wachaga huitia magamba ya msesewe ambayo yanaleta uchungu, kazi ileile inayofanywa na hopsi katika bia. Uzito wake kinywani ni sehemu ya sifa zake. Ukiigandisha, ule ulezi unakuwa kama mchanga na harufu ya ndizi inapotea, kwa hiyo anayeionja anabaki na uchachu na chenga, kisha anasema haina kitu.

Ubaridi huo ndio uliomfanya mshindi wako ashinde. Laga kama tunavyoijua leo ni ya mtindo uliozaliwa katika mji wa Plzeň, Ucheki ya leo, mwaka 1842, bia ya rangi ya dhahabu inayochachwa kwa hamira inayopenda baridi ya nyuzi 7 hadi 13 za Selsiasi na kuhifadhiwa baridini kwa majuma kadhaa hadi itakate. Uzuri wake ni usafi na wepesi, na usafi hauathiriki sana kwa kutolewa kwenye friji la nyuzi 4. Bia yako, kwa jinsi unavyoichacha bila ubaridi, ni ya ukoo mwingine unaoitwa eli, ambao harufu za matunda zinazotokana na hamira ndiyo roho yake, na harufu hizo haziinuki mpaka bia ipate joto la nyuzi 8 hadi 13. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika ishirini, kisha ndiyo umimine. Katika joto la Tanga pengine dakika kumi na tano zinatosha. Laga ipewe nyuzi 4 hadi 7, mbege na mnazi vinywewe kwa joto la kivulini.

Hapo tunafika kwenye kiini cha swali lako, yaani kama vinywaji hivi vinaweza kupangwa nafasi ya kwanza hadi ya nne. Mimi nasema haviwezi, na sisemi hivyo kwa upole wa kutaka kila mmoja apate zawadi. Harufu ya ndizi mbivu na karafuu ni fahari ya bia ya ngano ya Bavaria, lakini ikijitokeza ndani ya laga ni kosa la mpishi. Uchachu ni uharibifu ndani ya laga, na ni uhai wa mbege. Ukitaka mwenzake mnazi huko Ulaya usimtafute Plzeň, mtafute kandokando ya Brussels, ambako bia iitwayo lambic huachwa wazi usiku ipokee hamira na bakteria wa hewani, kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Mnazi hufanya kwa saa kazi ambayo lambic huifanya kwa miaka, na anayeijua lambic akikaa Tongoni asubuhi moja atajiona yuko kwa ndugu zake. Kwa hiyo ukiweka aina tofauti mezani, kazi ya waonjaji iwe kueleza. Nafasi zitolewe kati ya mnazi na mnazi, mbege na mbege, bia yako ya mwezi huu na ya mwezi uliopita.

Kueleza nako kunahitaji maneno, na katika hili Kiswahili kimetupa mali nyingi ambayo hatuitumii. Nimesikia waonjaji wakisema bia "kali" kwa mambo manne yasiyohusiana. Uchungu ni wa mwarobaini, nao ndio wa hopsi na msesewe. Ugwadu ni ule wa ukwaju na embe changa, unaofanya mate yatoke pembeni mwa ulimi. Ukakasi ni wa bibo na ndizi mbichi, hauna ladha bali ni hali ya kinywa kukauka na kukwaruza, na katika bia mara nyingi hutokana na maganda ya kimea yaliyokamuliwa mno au kuoshwa kwa maji ya moto kupita kiasi. Ukali wenyewe ubaki kuwa wa kileo, ule moto unaoshuka kooni. Hata uchachu una nyumba mbili: ule wa mtindi unakaa ulimini na haupandi puani, ule wa siki unakutangulia kwa harufu. Wa kwanza unautaka ndani ya mbege na mnazi, wa pili ni dalili kwamba saa imepita au hewa imeingia.

Wafundishe wenzako maneno hayo kwa vitu vya sokoni, wala huhitaji kuagiza chochote. Nenda Ngamiani ununue karafuu na mdalasini wa Amani, ndizi iliyoiva hadi kupata madoa, samli, hindi la kuchemsha, siki, ukwaju, bibo likiwa la msimu wake, na kipande cha boksi ukilowanishe maji. Kila kimoja kiweke kwenye kikombe kilichofunikwa, watu wanuse macho yakiwa yamefumbwa. Hindi la kuchemsha ndani ya bia hutuambia kwamba kimea hakikuchemka vya kutosha huku chungu kikiwa wazi, au bia ilipoozwa polepole. Boksi lililolowana ni bia iliyozeeka au kuingiwa na hewa. Harufu ya dawa ya hospitali ni klorini ya maji ya bomba, au ya dawa ya kusafishia vyombo ambavyo havikusuuzwa vizuri. Ipo pia harufu ya kicheche, ambayo huja pale mwanga wa jua unapozigonga hopsi ndani ya chupa nyeupe au ya kijani. Chupa za kahawia huikinga bia dhidi ya hilo, kwa hiyo usianike chupa zako barazani hata kwa saa moja.

Samli nimeitaja kwa makusudi, maana ndiyo siagi waliyoinusa wenzako wawili. Waamini. Siagi hiyo ni kitu kinachoitwa dayasetili, na hamira yenyewe ndiyo chanzo chake: ikiwa katika pilikapilika za kuchacha hutoa kitangulizi kisicho na harufu, hicho hugeuka dayasetili, na mwishoni, ikipewa muda, hamira ileile hurudi kuifyonza na kuisafisha. Wewe unaitia kwenye chupa siku ya nne. Kwa joto letu povu huwa limeshatulia siku ya tatu, ndiyo sababu unadhani kazi imekwisha, kumbe hamira ndiyo kwanza imeanza kufagia. Iongezee angalau siku tatu nyingine juu ya hamira, na usifunge chupa hadi haidromita, chombo cha kupimia sukari iliyobaki, ikuonyeshe kipimo kilekile kwa siku tatu mfululizo, kwani sukari iliyobaki ikichachia ndani ya chupa inaweza kuipasua na kumjeruhi mtu.

Kabla ya kuitia kwenye chupa, fanya jaribio hili. Mimina bia katika glasi mbili na uzifunike. Moja iweke ndani ya sufuria ya maji ya nyuzi 60 kwa dakika ishirini, nyingine iache baridini. Zirudishe zote kwenye joto moja, kisha unuse. Ikiwa iliyopashwa moto inanuka samli na nyingine hainuki, kitangulizi bado kimejificha ndani ya bia na kingejitokeza kwenye chupa mbele ya wageni wako, kwa hiyo subiri. Ikiwa zote mbili zinanuka, subiri zaidi. Na kama siku zinapita, samli haiondoki, na ugwadu unaongezeka, basi tatizo si muda bali ni bakteria walioingia kwenye vyombo, hasa mipira ya kupitishia bia na mabomba ya plastiki yenye mikwaruzo, na dawa yake ni kuvitupa.

Joto lenyewe nalo ni adui yako. Hamira nyingi za eli hufanya kazi nzuri kati ya nyuzi 15 na 24, na chumba cha Tanga mwezi Februari kinazidi hapo kwa mbali, ndipo unapopata ule ukali wa spiriti. Weka ndoo ya kuchachia ndani ya beseni la maji, ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Usitegemee kitambaa kibichi peke yake kama mtungi wa bara, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu na maji hayakauki upesi. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa mazingira yetu, ni kutumia hamira ya wakulima wa magharibi ya Norway iitwayo kveik, ambayo inastahimili nyuzi 30 na zaidi, baadhi yake hadi karibu 40, ikitoa harufu ya machungwa. Kwa jirani wa Muheza, harufu hiyo si ngeni.

Turudi mezani. Vikombe vioshwe kwa sabuni kidogo, visuuzwe sana, vikauke vyenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwani mafuta ya kitambaa huua povu. Mkae mbali na jiko linalokaanga samaki, na siku hiyo nyumba isifukizwe udi wala ubani. Kila mtu apewe kiasi cha mililita 50 za kila kinywaji, anuse kwanza, anywe kidogo, ameze, kisha angoje uchungu utokee. Kati ya kinywaji na kinywaji, maji na muhogo wa kuchemsha usio na chumvi. Vinywaji vitano vinatosha, vyepesi vikitangulia vizito. Asiwepo mezani atakayeendesha bodaboda baadaye, na gongo isifike kabisa, kwa kuwa ni haramu kisheria na hakuna ulimi unaoweza kuitambua sumu ya methanoli ndani yake.

Wenzako waliiona chupa yenye lebo nzuri na waliijua bia ya mwenyeji wao, na adabu zetu zinamzuia mgeni kumwambia mwenye nyumba kwamba chakula chake kina kasoro. Kwa hiyo nafasi ya pili uliyopewa inaweza kuwa ni heshima tu. Mmiminaji akae chumba kingine, na vikombe vipewe namba za tarakimu tatu kama 417 na 862, kwa sababu ukiandika moja, mbili, tatu, watu huelemea ile ya kwanza.

Ukitaka kujua kama mabadiliko uliyoyafanya yameleta tofauti ya kweli, tumia jaribio la pembetatu, ambalo kiwanda cha Carlsberg cha Copenhagen kililitumia tangu miaka ya 1940. Mpe kila mwonjaji vikombe vitatu, viwili vikiwa na bia moja na cha tatu bia nyingine, ukimtaka aonyeshe kilicho tofauti. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu. Kwa watu sita, wakipatia watano unaweza kuamini kuwa tofauti ipo. Kwa kumi na wawili, wanatakiwa wanane. Wakipatia wawili au watatu kati ya sita, hujapata ushahidi wa tofauti, hata kama wewe unaapa kuwa pipa jipya ni bora zaidi.

Kwa alama za bia yako, fomu ya Beer Judge Certification Program, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 1985, inafaa: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hali ya kinywani 5, na picha nzima 10, jumla 50. Tazama jinsi mwonekano ulivyopewa kidogo, nakubaliana nao. Kwa mnazi na mbege usiitumie, kwa sababu fomu hiyo inadhani kinywaji kimefika mwisho wa safari yake. Kwa hivyo andika saa ya kuteremshwa au siku ya kuchanganywa, halafu eleza ulichokikuta katika saa hiyo.

Safari ijayo, basi, gawa siku mara mbili. Bia zako zionjwe jioni. Kwa mnazi, patana na mgema tangu jana yake, ufike Tongoni anapoteremka asubuhi, uchukue tembo la vibuyu viwili tofauti na kuandika saa kwenye kila chupa, ili saa nne wenzako wawe wanakunywa Pongwe. Chupa usizijaze hadi juu, na njiani simama Kange ulegeze vifuniko, maana gesi ya tembo bichi haingoji mtu afike nyumbani.